Jina Langu Pembeni mwa Kitabu cha Ubatizo

Mwanangu Yustina,

Mara ya kwanza nilipoandika jina lako kwenye karatasi, niliandika na uongo pamoja nalo. Toka siku hiyo sijakuandikia kitu kirefu, ukiacha zile karatasi za mlangoni, "ufunguo uko kwa jirani, uji upo kwenye chupa." Leo naandika kirefu. Nivumilie, darasa la saba langu ni la zamani na kalamu yenyewe inakwama.

Umekwenda Zuzu kumuaga mama yako wa kipaimara na jua bado kali, kwa hiyo nina muda. Nimekaa kwenye ile ndoo nyeupe, nimeigeuza chini juu, begi lako liko mbele yangu. Mambo ya mashuka, sabuni na viatu vyeusi siandiki. Orodha ya masista unayo na umeikariri kama litania. Kusali pia sitakufundisha. Miaka yote hii mimi nimefagia kanisa na wewe ndiye uliyekuwa ukipiga magoti humo.

Nataka kukueleza cheti. Kipo kwenye bahasha ya kaki chini ya sketi yako ya buluu, na barua hii naiweka juu yake ili uikute kwanza, leo usiku ukifunga begi. Usome barua, halafu ukitazame.

Sista mlezi wa huko utawani alipotaka cheti kipya cha ubatizo kutoka parokia uliyobatizwa, ulitaka twende wote Chemba. Nikakuambia baki ushone sare, mimi nitakwenda. Ukaniuliza, "Mama, kwani kuna nini huko?" Nikacheka. Sikutaka uwe dirishani karani akifungua kitabu.

Unajua babu yako alikuwa katekista wa kigango, lile kanisa dogo la kijijini chini ya parokia. Padri alikuja kwetu mara moja kwa mwezi, mwezi mwingine hakuja kabisa kama mto umejaa. Wa kubatizwa walisubiri mpaka wakawa wengi. Babu aliandika majina yao kwenye daftari: mtoto, baba, mama, msimamizi. Padri akija anasoma kutoka kwenye daftari lile, anabatiza, halafu anakwenda nalo parokiani na kule majina yananakiliwa kwenye kitabu kikubwa. Jina likishaingia kwenye kitabu kikubwa limeingia.

Macho ya babu yalianza kufifia, na mimi nilikuwa na mwandiko mzuri. Kwa hiyo kuanzia darasa la sita aliyekuwa akiandika daftari ni mimi. Yeye anataja, mimi naandika. Nilijivuna sana. Wenzangu wakichota maji mimi nimekaa mezani na kalamu ya kanisa.

Halafu nikakupata wewe, nikiwa na miaka kumi na sita. Habari za baba yako nilishakueleza, alikuja kuezeka shule akaondoka kabla ya mvua, sina la kuongeza. Babu hakunipiga. Alisema neno moja tu, "Atasubiri." Ilikuwa desturi ya kigango chetu wakati ule. Mtoto wa msichana asiyeolewa habatizwi pamoja na wengine siku ya Pasaka. Anangoja mpaka mama yake amalize mafundisho, akikaa benchi la nyuma, miezi sita, wakati mwingine mwaka. Babu ndiye aliyekuwa akiwaweka mabinti wa watu kwenye benchi lile. Hakuweza kumruka wa kwake.

Wewe ulikuwa na homa. Ikishuka asubuhi, jioni inapanda. Nilikuwa na hofu ambayo sasa naiona ya kitoto lakini wakati ule ilikuwa kubwa kuliko nyumba, kwamba utakufa huna jina. Juma lile la kabla ya Pasaka babu alinitajia majina kumi na moja. Nikaandika kumi na moja. Alipotoka kwenda kufunga mbuzi, nikaandika la kumi na mbili. Yustina. Kwenye baba nikaandika jina la babu yako. Kwenye mama nikaandika Monika, jina la bibi yako.

Babu akatia sahihi bila kusoma, kwa sababu mwandiko ni wangu na aliuamini.

Siku ya Pasaka padri akasoma majina. Alipofika kwako akasoma, "Yustina, binti wa katekista wetu na Monika," akatabasamu, akadhani amepewa habari njema. Kanisa zima likatugeukia. Kuna mama mmoja akakohoa kile kikohozi cha kucheka. Bibi yako, ambaye nywele zilishaanza mvi, alikutoa mikononi mwangu bila kuniangalia, akakupeleka mbele. Babu alikuwa ameshika bakuli la maji. Alikuwa na nafasi ya kusema, "Padri, hapana." Hakusema. Maji yakamwagika, ukalia, ukawa Mkristo.

Nyumbani alivua kofia, akaitundika, akasema, "Umeandika. Basi itakuwa ulivyoandika." Kuanzia siku hiyo nikawa dada yako. Na daftari hakunipa tena. Alimpa mtoto wa jirani mwenye mwandiko wa kuku. Miaka mitatu baadaye alikufa, na siku zote hizo hatukulizungumza. Nilikuwa nikingoja aanze yeye. Nadhani naye alikuwa akiningoja mimi.

Nilipokuja Dodoma kutafuta kazi nilikuja na wewe, na wewe ulikuja na lile jina la dada. Nikapata kazi ya kufagia kanisa kuu. Mzee Lukasi unamjua sasa hivi, ameinama na sikio moja limeziba, lakini wakati ule alikuwa msakristia wa kutisha. Mtu wa Kibakwe, Mgogo haswa, kila asubuhi anakusalimia "Mbukwenyi!" kama anaamuru jeshi. Siku ya kwanza alinitembeza kanisani, akanionyesha kiti cha askofu kule mbele, akasema, "Hiki unapangusa kwa kitambaa kikavu. Hukai, huegemei, huwekei ndoo."

Nikamuuliza kwa nini.

Akasema, "Kwa sababu bila hiki, hapa ni kanisa kubwa tu. Watu wanadhani kanisa kuu ni lile refu, au lenye kengele nyingi. Hapana. Ni lenye kiti. Askofu akiweka kiti chake kwenye kibanda cha nyasi, kile kibanda ndicho kanisa kuu. Akikihamisha, linabaki kanisa la parokia, na mnara wake na vioo vyake vyote."

Wageni walikuwa wakija, naye akiwaeleza hayohayo na mengine. Kwamba mwanzo jimbo hili halikuwa jimbo, lilikuwa eneo la wamisionari, nyika na reli. Kwamba sehemu zake zilikuwa zikihesabiwa chini ya watu wa mbali, upande wetu wa Kondoa ukihesabiwa Kilimanjaro. Kwamba mpaka ukachorwa, Dodoma ikapata askofu wake, na baadaye sana Kondoa nayo ikakatwa ikawa jimbo. "Na waliolala Kondoa," anasema, "wameamka Kondoa. Mbuzi hakuhama, shamba halikuhama. Kilichohama ni mstari." Hapo lazima acheke. Nimeisikia mara nyingi mpaka ningeweza kuisema mimi, lakini haikuniingia.

Sasa nakueleza siku ya kiti. Labda unaikumbuka, ulikuwa na miaka minne. Nilikuwa napiga deki upande wa kwaya, nimekuacha unacheza na tambara. Mara nasikia, "Dada! Niangalie!" Kuinua kichwa, umekaa kwenye kiti cha askofu, miguu haifiki hata ukingo, kandambili moja imedondoka.

Mzee Lukasi akatoka sakristia. Nilidhani nimefukuzwa. Akasimama, akaweka mikono nyuma, akasema, "Loo! Leo tumepata askofu mpya. Tena peku." Ukacheka. Naye akacheka. Akanigeukia. "Huyu mtoto ni wako?"

Yustina, hapakuwa na mtu kanisani. Hapakuwa na babu, hapakuwa na wale akina mama wa kigango. Mzee wa watu aliuliza tu, jinsi mtu anavyouliza mvua imenyesha kwenu. Na mimi nikasema, "Hapana, mzee. Mdogo wangu huyo."

Yale ya daftari nilikuwa na hofu na mtoto mgonjwa. Ya siku ile sina cha kuyafunika. Ningesema ndiyo, angesema, "Haya mshushe," ingekuwa imekwisha.

Halafu ikaja siku Dodoma ilipofanywa jimbo kuu. Hiyo unaikumbuka, ulikuwa umeanza shule, ulipewa kitambaa cha kupunga. Tulisugua sakafu ile siku tatu. Mzee Lukasi asubuhi akagonga ukuta na fimbo, akaniambia, "Jana tumelala jimbo, leo tunaamka jimbo kuu. Umeona ukuta umesogea?" Nikasema, "Haujasogea, mzee." "Basi. Fagia."

Jioni ile tukirudi nyumbani ndipo nilipokuambia. Sijui kwa nini siku ile, labda ni uchovu. Nilikuambia mimi si dada yako, mimi ndiye niliyekuzaa, na bibi ni bibi yako. Ulitembea kidogo ukipunga kile kitambaa chako. Halafu ukaniuliza, "Kwa hiyo na wewe umepandishwa cheo?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye ukingo wa barabara. Nikakuambia hapana, nilikuwa mama tangu mwanzo. Ukasema, "Basi nitakuita mama."

Na hapo ndipo nilipoharibu tena. Nikasema, "Niite. Lakini kanisani niite dada."

Ukaniitikia, kwa sababu ulikuwa mtoto mtiifu. Tangu hapo nyumbani mama, kanisani dada. Hujawahi kukosea hata mara moja, hata siku ile ya kipaimara chako, ulipotoka nje na mafuta kwenye paji la uso, ukanikumbatia, ukasema sikioni, taratibu, "Asante, dada," maana Mzee Lukasi alikuwa karibu. Mtoto wa watu umefundishwa kusema uongo mlangoni mwa kanisa kuu, na aliyekufundisha ni mimi. Nilipoona umefanya vizuri namna ile, ndipo nilipoanza kuogopa. Lakini nilikaa na hofu yangu miaka mingine.

Sasa turudi kwenye cheti. Nilifika parokiani, karani akatoa kitabu. Kitabu kinene, mgongo umeshonwa upya kwa uzi wa viatu. Kurasa za mwanzo muhuri wa Dodoma, na humo nikaona jina langu mimi, Paskalina. Akaendelea kufunua, muhuri ukabadilika ukawa Kondoa. Parokia ileile, bakuli lilelile, maji ya kisima kilekile, mimi jimbo moja na wewe jimbo jingine. Akafika kwako. Akanakili upesi, akagonga muhuri, akanipa. Baba, katekista. Mama, Monika. Wazazi wenye ndoa ya kanisa.

Kilikuwa cheti kizuri, mwanangu. Hakuna sista ambaye angeuliza swali. Nilikikunja, nikaenda nacho kituoni, nikakaa. Basi la kwanza likaja, sikupanda. Nikajiambia litakalofuata. Likaja, kondakta akaniita, "Mama, Dodoma hiyo, twende!" Nikasimama kabisa. Nikakuona akilini umesimama mbele ya sista mlezi, anakuuliza, "Mama yako anaitwa nani?" na wewe, hodari kama ulivyo, unasoma kwenye karatasi ni jibu gani la mahali pale.

Nikarudi parokiani.

Padri ni kijana, labda tunalingana. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Nikamwomba afute, aandike upya. Akasema, "Dada, kitabu hiki hatufuti. Hatuchani ukurasa, hatupaki rangi nyeupe. Majimbo yamegawanywa, maaskofu wamezikwa, kitabu kipo. Kosa linakaa palepale lilipo, na ukweli unaandikwa pembeni, kwa ruhusa ya askofu."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo nilichoandika kitabaki?"

"Kitabaki. Ila hakitabaki peke yake."

Kile cheti cha kwanza akakichana vipande vinne, akavitia mfukoni. Karatasi inachanika, kumbe, kitabu ndicho hakichaniki.

Ruhusa ilitoka Kondoa, kwa sababu kitabu ni cha huko sasa. Nilitakiwa kwenda na shahidi, nikaenda na bibi yako. Alivaa kitenge kipya, akanuna njia nzima, akisema Kisandawe tu, na vidoko vyake vya ulimi, asitake abiria wamwelewe. Tulipofika kwenye kanisa kuu la kule akasimama akaliangalia kutoka chini hadi juu. "Ndilo hili? Mimi nilidhani kanisa kuu ni lile refu kuliko yote."

Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hapana, mama. Ni lenye kiti."

Akaniangalia. "Na nani kakufundisha?"

Ofisini padri mzee akamuuliza kwa upole, "Bibi, huyu Yustina ulimzaa wewe?"

"Mimi?" akasema bibi yako. "Wakati ule magego yalishaanza kuning'oka, baba. Nilimbeba tu. Nilimpokea mikononi mwa huyu, nikambeba hatua kumi mpaka kwenye maji. Hatua kumi zile ndizo zimekuwa miaka yote hii." Halafu akaongeza, "Na mume wangu alijua. Muandike hilo pia. Alijua, akashika bakuli."

Hawakuliandika, maana halina sehemu yake kwenye fomu. Lakini nililisikia. Nilikuwa nimebeba uongo ule kama wangu peke yangu, kumbe tulikuwa watatu tuliobeba, kila mmoja upande wake, hakuna aliyesema tuutue.

Cheti kilichomo kwenye bahasha ndicho hicho kipya. Kwenye mstari wa mama utaona bado Monika. Teremka chini, kwenye maelezo, utaona mstari mwingine: mama mzazi ni mimi, na jina la askofu aliyeruhusu. Padri ameniambia siku hizi jambo la namna hii halimzuii msichana kuingia utawani. Lakini ameniambia pia watauliza. Mimi sijui watauliza kwa uso gani. Labda sista mlezi atakunja karatasi aseme karibu. Labda utaitwa ofisini mara mbili. Ningeweza kukupa njia nyepesi, nimekupa hii, na sikukuuliza kwanza. Hilo nalo ni kosa, liandike pamoja na mengine. Ukikasirika kwenye gari, kasirika, kutoka hapa mpaka Mtera ni mwendo wa kutosha.

Nina tumaini hata hivyo. Nakuona umevaa shela. Nakuona pia umerudi nyumbani hujaivaa, na bado nakuona vizuri.

Jambo moja limebaki. Leo asubuhi nilikwenda kufagia kama kawaida. Mzee Lukasi alikuwa anapanga vitabu vya nyimbo. Nikapangusa kiti, kitambaa kikavu, halafu nikasimama palepale nikamwambia kwa sauti, kwa sababu ya lile sikio, "Mzee, Yustina anaondoka kesho."

"Najua. Mdogo wako huyo, mtoto mzuri."

"Si mdogo wangu. Ni mwanangu. Nilikudanganya siku ile alipokaa hapa."

Akaweka vitabu chini. Sikuona kucheka usoni mwake. Nadhani aliumia. Miaka yote amekuwa akikuombea kama mdogo wa Paska. Akachukua fimbo yake, akaenda mpaka mlango wa sakristia, nikajua sasa nimempoteza. Akageuka pale mlangoni.

"Pale chini ya kwaya kuna vumbi," akasema. "Hukufagia vizuri, Mama Yustina."

Nimeitwa Paska humo ndani, nimeitwa dada, nimeitwa wewe wa ndoo. Jina hilo sijawahi kuitwa mle. Nilikwenda nikafagia chini ya kwaya mara mbili.

Kesho sista atakuja kukuchukua uani mwa kanisa kuu baada ya misa ya asubuhi. Watu watakuwa wanatoka, Mzee Lukasi atakuwa mlangoni na mimi nitakuwa karibu yake. Ukishaweka begi kwenye gari, geuka uniite. Unajua jina. Na uite kwa nguvu, yule mzee anasikia upande mmoja tu.

Mimi mama yako,
Paskalina